Mtumishi wa mkataba naye huugua: halmashauri zimlipe likizo yake ya ugonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa watu wengi wanaozifanyia kazi halmashauri zetu huku Kanda ya Ziwa, nalo ni malipo ya siku za ugonjwa kwa wale walioajiriwa kwa mikataba mifupi na kulipwa kutokana na mapato ya ndani, yaani fedha ambazo halmashauri inazikusanya yenyewe. Hawa ni wakusanya ushuru mialoni, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga na kushusha samaki, na masokoni, walinzi wa usiku wa shule na ofisi za kata, wahudumu wanaosafisha wodi na kuchemsha vifaa katika zahanati, madereva wa magari ya taka na baadhi ya waandishi wa masijala. Wanapougua huambiwa kwamba siku usiyofanya kazi hailipwi, na wengi wao wameyaamini maneno hayo kwa sababu wameyasikia kutoka kwa mtu mwenye meza na muhuri. Nilifanya kazi za utumishi katika serikali za mitaa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninaandika kusema kwamba maneno hayo si sheria, na kwamba halmashauri inayoyatumia inamnyima mtu stahili yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haikuwaweka kando wanaofanya kazi serikalini. Iliowaacha nje inawataja kwa majina ya vyombo vyao: Jeshi la Wananchi, Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Halmashauri haimo katika orodha hiyo. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo, kama ilivyotungwa, kinampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36; siku 63 za mwanzo analipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata analipwa nusu mshahara. Anachotakiwa mgonjwa ni kuleta cheti cha daktari, kile ambacho makazini wengi tunakiita ED. Hicho ndicho kiwango cha chini, na mwajiri hawezi kukipunguza kwa mkataba, hata kama mwajiriwa ametia saini yake kwa hiari na mbele ya mashahidi.

Kwa watumishi wa kudumu jambo hili halina ugomvi mkubwa. Mwalimu, muuguzi au mtendaji wa kata analipwa na Hazina, analindwa na Sheria ya Utumishi wa Umma na Kanuni za Kudumu za mwaka 2009, na akilazwa Bugando au Sekou Toure mwezi mzima, mshahara wake unaingia benki kama kawaida bila yeye kumwandikia mtu barua ya kuomba huruma. Tofauti inaonekana vizuri zaidi katika zahanati moja ya kijijini, ambako muuguzi wa kudumu na mhudumu wa mkataba wanashika ndoo zilezile, wanapumua hewa ileile na kuhudumia wagonjwa walewale. Wote wawili wakishikwa na homa ya matumbo wiki moja, mmoja atapumzika hadi apone, na mwingine atarudi kazini siku ya tatu akiwa anatetemeka, kwa kuwa asiporudi nyumbani hakutakuwa na unga. Ugonjwa ni uleule na mwajiri ni yuleyule. Kinachowatenganisha ni fungu linalomlipa kila mmoja, na sheria niliyoitaja haikuweka tofauti ya mafungu.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba hao ni vibarua, kwamba mikataba yao ni ya miezi mitatu, na kwamba sheria yenyewe inasema asiyetimiza miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Sehemu ya jibu hilo ni kweli na sitaificha: kifungu cha 29 kinasema hivyo. Lakini wanaokinukuu hukomea kwenye kifungu kidogo cha kwanza. Kifungu kidogo cha pili kinaeleza kwamba aliyeajiriwa kwa msimu anastahili likizo yenye malipo, na kwamba mtu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyohuyo zaidi ya mara moja katika mwaka naye anastahili, iwapo jumla ya muda aliofanya kazi katika mwaka huo inazidi miezi sita. Kwa hiyo mkataba wa miezi mitatu unaohuishwa, ukakatwa kwa wiki mbili, ukahuishwa tena na tena, haumrudishi mtu kwenye sifuri kila unapotiwa saini. Vipindi vinajumlishwa. Bunge liliujua mtindo huu wa kukatakata mikataba na likauwekea kizuizi. Hata kifungu cha 35, kinachohusu kuachishwa kazi isivyo haki, kinapoihesabu hiyo miezi sita kinasema wazi kwamba ni kwa mwajiri yuleyule, iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi.

Na hilo neno kibarua lisitumike kama pazia. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 kimeweka vigezo vya kumtambua mwajiriwa, bila kujali karatasi inamwita nani, na kikipatikana hata kimoja mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Vigezo hivyo ni pamoja na mtu kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, saa zake kupangwa na mwingine, kuwa sehemu ya taasisi anayoitumikia, kupewa vifaa vya kazi, kumtegemea mlipaji huyo kwa riziki yake, na kufanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mchukue mkusanya ushuru wa mwaloni umpime kwa vigezo hivyo. Anaripoti alfajiri kabla mitumbwi ya dagaa haijafika, anapangiwa lango la kusimama, mashine ya POS anayotolea risiti ni mali ya halmashauri, kitambulisho shingoni kina nembo ya halmashauri, na fedha zikipungua katika makabidhiano ya jioni anahojiwa na mhasibu wa halmashauri. Mtu wa namna hiyo akiitwa kibarua siku anapougua, ilhali siku nyingine zote anaitwa mtumishi wetu, basi jina linabadilishwa kwa ajili ya kukwepa malipo.

Nimeshuhudia jambo hili kwa karibu katika halmashauri moja ambayo sitaitaja, kwa sababu sidhani kwamba iko peke yake. Mama mmoja aliyekuwa akikusanya ushuru kwenye mwalo kwa mikataba iliyofuatana aligundulika kuwa na kifua kikuu. Tabibu alimpa ED na kumwelekeza apumzike nyumbani katika kipindi cha mwanzo cha dawa. Kesho yake ofisi ilimpigia simu ikitaka mashine irudishwe ili apewe mwingine. Kijana wake aliileta ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na chaja na karatasi mbili za risiti zilizobaki. Waliiwasha, wakahakikisha salio linalingana, wakamsainisha kijana daftari la makabidhiano, wakampa mwingine papo hapo. ED iliyokuwa ndani ya mfuko huohuo ilirudishwa mikononi mwa kijana, kwa maelezo kwamba hakuna jalada la kuiweka. Mwisho wa mwezi mama huyo alilipwa siku alizosimama langoni, na mkataba ulipofika mwisho haukuhuishwa. Hakuna aliyemtukana wala kumfanyia ukali. Kila mtu alifuata alichoona ndicho utaratibu, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu dhuluma iliyogeuka kuwa utaratibu haina mtu anayejiona ameitenda.

Tukae kidogo kwenye kifua kikuu, kwa sababu kinaonyesha jinsi kanuni za likizo ya ugonjwa zinavyogusa afya ya watu wasiohusika kabisa na mkataba huo. Tiba ya kifua kikuu cha kawaida, kisicho sugu kwa dawa, huchukua miezi sita: miwili ya mwanzo ya dawa nyingi kwa pamoja, na minne inayofuata ya kumalizia. Mgonjwa aliyeanza dawa vizuri kwa kawaida huacha kuambukiza wengine baada ya wiki chache, na hizo wiki chache ndizo ambazo anapaswa kuwa nyumbani. Siku 63 za mshahara kamili zinatosha kabisa kuifunika miezi miwili ya mwanzo, ambayo ndiyo migumu zaidi mwilini. Lakini mtu anayejua kwamba kupumzika ni kupoteza kazi hatakwenda kupima kikohozi chake. Ataficha, atatafuna tangawizi, atasimama langoni akikohoa katikati ya wachuuzi, wapakiaji na akina mama wanaoanika dagaa. Halmashauri hiyohiyo ina idara ya afya inayotoa matangazo kwa kipaza sauti ikiwahimiza wananchi wapime mapema. Wa kwanza kusikia tangazo hilo ni watu wa halmashauri wenyewe, nao ndio wanaoogopa kulitii. Vivyo hivyo kwa kipindupindu, na sisi wa mwambao wa ziwa tunajua kinavyoenda mbio kikianzia mahali penye mkusanyiko wa watu na maji yasiyo salama.

Kuna magonjwa mengine ambayo kwa watu wa ziwani yanatokana na kazi yenyewe. Mtu anayeingia majini kila siku kukagua mitumbwi au kusaidia kupakua samaki yuko katika hatari ya kichocho, na kichocho kilichokaa muda mrefu bila tiba huharibu ini au kibofu. Pale inapothibitika kwamba ugonjwa au jeraha limesababishwa na kazi, kuna njia nyingine ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mwajiri anapaswa kutoa taarifa. Ninautaja Mfuko huo kwa sababu nimesikia maofisa wakimwambia mgonjwa aende huko, hata kwa malaria ya kawaida, ilimradi aondoke mlangoni. Likizo ya ugonjwa haihitaji kuthibitisha kwamba kazi ndiyo iliyokuuguza. Inatosha kwamba unaumwa na mtaalamu amethibitisha.

Hapo kwenye mtaalamu pana kikwazo kingine ambacho watu wa mjini huenda hawakioni. Sheria inazungumzia cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha mtabibu mwingine anayekubaliwa na mwajiri, na inaongeza kwamba mwajiri asikatae kukikubali bila sababu ya msingi. Kwa anayekaa Nyamagana au Ilemela hilo ni jambo la nauli ya daladala. Kwa mlinzi wa shule katika kisiwa cha Irugwa, au mhudumu aliyeko Maisome, hospitali yenye daktari iko ng'ambo ya maji, na kuifikia ni suala la boti, nauli na hali ya ziwa siku hiyo. Aliye karibu naye ni afisa tabibu wa zahanati, mtu aliyesomea kazi hiyo na kuajiriwa na halmashauri hiyohiyo ili atibu wananchi. Haiingii akilini kwamba mkurugenzi anamwamini tabibu huyo kuandika dawa za kijiji kizima, kisha hamwamini anapoandika kwamba mlinzi apumzike siku tano. Natumaini wakurugenzi wa Ukerewe, Buchosa, Sengerema na kwingine kwenye visiwa watatoa waraka wa ndani wa kutamka kwamba ED ya tabibu wa zahanati ya Serikali inakubalika kwa siku ambazo wao wataona zinafaa, na kwamba ugonjwa ukizidi siku hizo ndipo mgonjwa apelekwe ngazi ya juu. Waraka huo uwakumbushe pia wakuu wa idara kwamba wanachohitaji kujua ni idadi ya siku; jina la ugonjwa ni siri ya mgonjwa na tabibu wake, na katika kisiwa ambacho kila mtu anamjua mwenzake siri hiyo ikitoka masijala haisafiri mbali kabla ya kumfikia jirani.

Litakuja hoja ya fedha, nayo inastahili kujibiwa kwa hesabu. Tuchukue mfano wa mlinzi anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani shilingi 10,000 kwa siku. Akiugua kiasi cha kumaliza siku zake zote 126, jambo ambalo ni nadra, siku 63 za kwanza ni shilingi 630,000 na siku 63 za pili kwa nusu ni shilingi 315,000. Jumla ni shilingi 945,000, tena ndani ya miaka mitatu. Wengi wataugua siku tatu, wiki moja, siku kumi. Ni kweli pia kwamba halmashauri italazimika kumlipa anayeshika zamu ya mgonjwa, na gharama hiyo ipo hata kwa watumishi wa kudumu. Halmashauri zimezoea kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa sababu sheria imeagiza na bajeti haipiti bila fungu hilo. Likizo ya ugonjwa nayo imeagizwa na sheria. Haina kasma, yaani fungu lake katika bajeti, kwa sababu hakuna aliyeiombea kasma wakati makisio yanaandaliwa, na madiwani hawawezi kupitisha kitu ambacho hakikuwekwa mezani.

Wapo pia wanaohofia udanganyifu, kwamba kila Jumatatu itakuwa na wagonjwa. Hofu hiyo nimeishi nayo ofisini na siidharau, kwa sababu ED za kughushi zipo. Lakini dawa yake inajulikana: kila zahanati ina rejesta ya wagonjwa wa nje, cheti kina namba, na afisa utumishi anaweza kupiga simu kuhakiki tarehe. Anayeghushi achukuliwe hatua za nidhamu yeye mwenyewe. Kuwanyima wote kwa sababu ya wachache ni adhabu isiyo na kosa, na kwa watumishi wa kudumu, ambao nao wamo wanaoghushi, hakuna mtu aliyewahi kupendekeza kwamba likizo ya ugonjwa ifutwe.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Kwanza kabisa, mikataba yote inayolipwa na mapato ya ndani iandikwe kifungu kinachotamka siku za likizo ya ugonjwa na malipo yake kama sheria inavyosema, na kwamba vipindi vyote vya kazi vya mwaka husika vitajumlishwa. Wanasheria wa halmashauri wanaweza kukiandika kwa asubuhi moja. La pili, ambalo naliona lina uzito uleule, ni kumbukumbu. Kila mwenye mkataba awe na jalada lake masijala, ED zake ziwekwe humo, na siku zihesabiwe kwa maandishi ili kabla ya kufikia siku ya 63 mgonjwa apewe barua ya kumjulisha kwamba malipo yake yatashuka kuwa nusu kuanzia tarehe fulani. Nimeona watu wakishtukia nusu mshahara kwenye simu zao, wakiwa wodini, bila neno lolote kutoka ofisini. Makato yaliyo halali bado yanapaswa kuelezwa kwa mtu aliyelala kitandani.

Vyama vya wafanyakazi navyo vina sehemu yao. TALGWU ni chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na wenye mikataba mifupi nao ni wafanyakazi wa serikali za mitaa. Matawi ya Mwanza, Geita, Mara na Kagera yangefanya jambo la maana kuwafuata mialoni na masokoni na kuwaandikisha, badala ya kusubiri waje ofisini. Mwenye mgogoro asiyepata jibu aelezwe mapema njia ya kufuata, maana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina muda maalumu: malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30 na migogoro mingine ndani ya siku 60. Mgonjwa anayesubiri apone kwanza ndipo adai, mara nyingi muda humpita akiwa kitandani. Halmashauri ikimwona ni mtumishi wa umma anayepaswa kwanza kumaliza ngazi za ndani za rufaa, kama yalivyoelekeza mabadiliko ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2016, basi imwambie hivyo kwa maandishi, ili isije ikamkana utumishi wakati wa kulipa kisha ikamkubali wakati wa kumzuia asiende Tume.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai, na maandalizi ya makisio huanza miezi mingi kabla yake. Waheshimiwa madiwani wanaosoma barua hii wanaweza kumuuliza mkurugenzi wao maswali mawili katika kikao kijacho cha Kamati ya Fedha: ni wangapi wanaolipwa na mapato ya ndani ambao wametimiza zaidi ya miezi sita kwa kujumlisha mikataba yao ya mwaka huu, na ni kasma ipi itakayowalipa wakiugua. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mstaafu wa Serikali za Mitaa,
Kirumba, Mwanza